Vidole vya Mbega

Kwa miaka kumi na tisa Mzee Msitu aliishi kwa kuchora msitu mmoja tu, ule wa pwani unaoanzia pale lami inapokwisha na kushuka hadi kwenye mikoko. Jina hilo walimbandika watu wa mtaani, naye akalipenda kuliko lake la kuzaliwa. Picha zake zilitundikwa benki, hotelini na kwenye ofisi za mawakili, na kila aliyesimama mbele yake alisema neno lile lile: wanyama wa huyu bwana wanakutazama. Mwenyewe aliitikia kwa kukohoa kidogo, kama mtu aliyezoea kusifiwa.

Jumatatu na Alhamisi alidamka, akafunga vifaa nyuma ya baiskeli na kwenda msituni, asirudi mpaka adhuhuri. Siku nyingine alichora nyumbani, na picha aliiacha chumba cha nyuma ikauke. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa mshonaji wa sare za shule, na cherehani yake ilikaa chumba hicho hicho, dirishani. Katika ndoa yao yote Mzee Msitu hakukumbuka kumsikia akisema lolote kuhusu picha, isipokuwa, "Sogeza hiyo, inaniziba mwanga."

Alhamisi moja mnyororo wa baiskeli ulikatika hata hajafika mwisho wa lami. Akaikokota kurudi nyumbani, akaingia kwa mlango wa uani. Cherehani ilikuwa kimya. Mama Pacha alikuwa ameketi kwenye kigoda, miwani imemshuka puani, mkononi ameshika brashi nyembamba kama sindano. Alikuwa akimpaka rangi mbega wa kwenye picha ya mumewe.

Mzee Msitu aliganda mlangoni. Kwanza alidhani mkewe amerukwa na akili. Kisha akadhani anaiharibu picha makusudi, kwa kinyongo asichokijua. Halafu akatazama vizuri. Yule kima mweusi mwenye mabega meupe, ambaye jana alimwacha juu ya tawi kama mkoba uliotundikwa, sasa alikuwa amekunja mgongo, shingo ameipinda, yuko tayari kuruka.

"Mama Pacha! Unafanya nini?"

Mkewe aliitumbukiza brashi kwenye kopo, taratibu, kama mtu aliyekuwa akiingoja siku hiyo. "Namwondoa dole gumba."

"Dole gumba?"

"Mbega hana dole gumba, Baba Pacha. Ana vidole vinne. Wewe kila mara unampa vitano, kama binadamu."

"Umeanza lini mchezo huu?"

"Tangu ile ya kwanza uliyouza. Ile iliyoko benki."

Akaketi juu ya rundo la kaptula za wanafunzi. Miaka kumi na tisa! Akaanza kuzitaja picha moja moja. Hondohondo wa hotelini je?

"Mdomo tu. Ulikuwa umemwekea mdomo wa bata."

Paa wa wakili?

"Macho. Na masikio kidogo."

Na sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, aliyempatia cheti cha maonyesho?

Mama Pacha akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga. "Yule ni wangu wote. Wewe ulikuwa umechora panya."

Baba mkwe wake alikuwa mlinzi wa misitu. Hilo Mzee Msitu alilijua siku zote. Alikunywa chai mara nyingi katika kile kibanda chao kati ya miti, ambako mkewe alikulia. Hakuwahi kumuuliza aliona nini huko.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ile ya kwanza nilikuambia. Ukasema nishone."

Hilo hakulikumbuka hata kidogo, na lilimpiga kuliko mengine yote.

Alitoka mbio hadi kwa fundi wa fremu, rafiki yake wa miaka mingi, akamkuta akipiga randa. "Hebu niambie, umewahi kuona kitu cha ajabu kwenye picha zangu?"

"Kipi? Hiyo kazi ya shemeji?"

Mzee Msitu akashika ukuta.

"Wanyama wanafika hapa rangi yao bado mbichi, mzee, wakati miti imeshakauka. Nilidhani mmekubaliana!"

"Nani mwingine anajua?"

Fundi akajikuna kisogo. "Mke wangu. Na muuza rangi, maana yeye ndiye anamuuzia brashi."

Siku tatu alijifungia na rangi zake. Alichora mbega, safari hii mwenye vidole vinne. Akamchora tena. Wote walikuwa mikoba iliyotundikwa, na safari hii aliiona mwenyewe. Siku ya nne akasimama kando ya cherehani.

"Jumatatu naanza kuchora ule ukuta wa wodi ya watoto, hospitalini. Ukuta hauletwi nyumbani."

"Najua. Nimekuwa nikiwaza utafanyaje."

"Twende wote, mama. Nisamehe, twende."

Mama Pacha akamaliza mshono, akakata uzi kwa meno. "Niletee ngazi isiyotikisika."

Yeye alichora mikoko na mizizi yake, mkewe akafuata nyuma. Siku ya pili alimwona akiweka jicho la paa, mguso mmoja wa kahawia, mmoja mweusi, nukta nyeupe, na mnyama akageuka kuwatazama. Mzee Msitu akashtuka waziwazi, karibu aanguke. Kumbe ndivyo ilivyokuwa kila Jumatatu na Alhamisi, yeye akiwa hayupo.

Walipomaliza, muuguzi mkuu akataka sahihi. Mzee Msitu akaandika jina lake, akampa mkewe brashi.

"Niandike Mama Pacha?"

"Andika lako."

Akaandika jina alilopewa na baba yake, herufi kubwa za darasa la pili. Muuguzi akalisoma kwa sauti, akauliza huyo ni nani. Mzee Msitu akamwonyesha mkewe: "Ndiye anayewapa wanyama macho."