Kahawa ya Wageni wa Heshima

Mimi si mtu wa kutulia. Hata kanisani nakaa mwisho wa benchi, upande wa mlango, ili nikitaka kusimama nisisumbue watu. Lakini miezi miwili kabla ya ile safari yetu ya wanawake tupu nilizidi. Naanza kumenya ndizi, naacha. Nafagia uwanja niliokwisha kuufagia. Madaftari ya darasa la tano nayasahihisha mpaka katikati, nayasukuma pembeni. Kusoma ndiyo usiseme. Pale shuleni kwetu Kayanga, wilayani Karagwe, mimi ndiye ninayeshika ufunguo wa kabati la vitabu, na nilikuwa nimejiazimisha riwaya moja ya mwanamke aliyehama kwa mumewe na sanduku moja tu. Kurasa zake za mwisho zilichanwa zamani, sijui na nani. Nilisoma ukurasa mmoja mara nne, na ungeniuliza yule mwanamke anakwenda wapi, nisingekujibu.

Sababu nilikuwa naijua. Nilikuwa nangoja jibu la barua.

Barua yenyewe nilimwandikia dada yangu mkubwa, aliyeolewa Kaisho. Tulikuwa hatusemezani tangu matanga ya baba, mwaka mzima na ushei. Siku ile dada alifika baba keshakata roho tangu jana yake. Akaingia analia, na mimi, na mdomo wangu huu ambao mama anasema ulizaliwa kabla yangu, nikamwambia mbele ya wanawake wote waliokuwa wamekaa chini: "Umekuja kuzika. Kuuguza hukuja." Kilio kilikatika humo ndani. Dada akajipangusa machozi, akakaa na wenzake. Alizika, akakaa siku zake, akarudi kwake. Tangu hapo simu ya mama anapokea, ya mdogo wetu anapokea, yangu inaita mpaka inachoka yenyewe.

Basi nikaona nimwandikie kwa mkono, kama alivyonifundisha mwenyewe. Alipokuwa sekondari ya bweni nami niko darasa la tatu, alikuwa ananitumia barua kwenye bahasha alizotengeneza kwa majalada ya madaftari. Alizigundisha kwa uji wa muhogo, akazifunga kwa uzi, fundo lake la vitanzi viwili ambalo ukivuta ncha moja linafunguka lote. Nilijifunza kusoma vizuri kwa sababu ya barua zile, si kwa sababu ya mwalimu. Sasa nami nikasema sitashindwa. Nikachukua ganda kavu la mgomba kibanjani, nikalipitisha kwenye mvuke wa sufuria likalainika, nikaikunja barua ndani yake, nikafunga kwa kamba ya mgomba huohuo, fundo la vitanzi viwili. Kabla ya kufunga nikatia na kiganja cha kahawa ya kutafuna, ile ya kuchemshwa na majani ya kunukia kisha ikakaushwa, maana kwetu huendi kuomba radhi mikono mitupu. Jina lake niliandika ndani, kwa kuwa ganda la mgomba halishiki wino. Nikampa dereva wa gari la Kaisho kifurushi hicho, nikamtajia ukoo wa shemeji, akifikishe kwenye duka ambako watu wa kwa dada hununua sukari.

Sikumwambia mtu. Wiki ya kwanza nilikuwa nashtuka kila simu ikilia. Wiki ya tatu nikaanza kukasirika. Mwezi wa pili nikawa namtukana kimoyomoyo huku nakoroga maharage. Mtu mzima nimejishusha, nimepiga magoti kwenye karatasi, yeye kimya! Hata "nimepata" hakuna!

Katika hali hiyo ndipo mdogo wetu, muuguzi kule Bukoba, alipopiga simu kusema ameazima gari na amepata likizo, na kwamba yeye, mimi na mama tutakwenda Kamuli kwenye maji moto ya Mtagata, kubadilisha hewa. Wanaume wabaki wajipikie. Mama alikuwa analalamika magoti tangu masika. Nikakubali upesi, nikidhani labda mwendo utanitoa kero.

Haukunitoa. Pale majini mama aliingia na kanga yake mpaka kifuani, akafumba macho, akaguna kwa raha kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mdogo wangu alikuwa anacheka na wanawake wa Songambele waliokuja na mgonjwa wao. Mimi nilidumu majini dakika tano, nikatoka, nikakaa juu ya jiwe na riwaya yangu, nikainuka, nikaenda mpaka garini, nikarudi, nikakaa tena.

"Hicho kitabu unakisoma au unajipepea nacho?" mdogo wangu akaniuliza.

"Niache."

"Mwe! Watu wanaleta magoti hapa yapone. Wewe ulete matako."

Mama akacheka bila kufumbua macho. Nami ningecheka, siku nyingine. Ila kulikuwa na jambo moja kuhusu ugonjwa wa baba ambalo sikuliweka kwenye barua, na kila nilipotulia lilikuwa linanijia, kwa hiyo nilikuwa sitaki kutulia. Ndiyo kweli yenyewe.

Tulilala pale jirani, na asubuhi ya pili tukapakia vyombo. Gari lilipofika njia panda, mdogo wangu akakata kona kinyume na njia ya nyumbani.

"Kayanga si huko," nikasema.

Mdogo wangu akaongeza mwendo. Kisha mama, kutoka kiti cha mbele, bila kugeuka: "Nimezaa mabinti watatu. Ukisema safari ya mabinti zangu, ninyi wawili peke yenu si safari nzima."

"Kumbe magoti ilikuwa hila!"

"Magoti yananiuma. Na hili linaniuma."

Nikawaka. Nikasema mtu nimemwandikia barua hajajibu, amenidharau, siendi kujipendekeza kwake, nishusheni hapahapa. Mdogo wangu akasimamisha gari kweli. "Shuka," akasema, "pikipiki zitapita." Nikafungua mlango, nikauweka mguu mmoja chini. Kulia migomba, kushoto migomba, na mama mmoja anaanika kahawa kwenye turubai akitutazama. Nikamwamkia, akaitika. Nikaurudisha mguu ndani, nikafunga mlango. Gari likaondoka, mpaka Kaisho.

Dada alitupokea uwanjani. Alikuwa amekonda kidogo, na ameanza mvi pale mbele ambapo baba alianzia zake. Akampigia mama magoti, akamkumbatia mdogo wetu. Nikasema, "Shikamoo dada." Akasema, "Marahaba," akageuka kuchukua mizigo. Mama mkwe wake, bibi mkunjufu sana ambaye miguu haimsaidii tena, alikuwa mkekani sebuleni akituita tuingie, tuingie.

Nami sikungoja hata nikae. Jamani, ulimi hauna mfupa, lakini wangu hauna hata mwenyewe. Nikamfuata dada mlangoni, nikamwambia, "Hata kujibu barua ya mtu huwezi?"

"Barua gani?"

"Usinifanye mjinga. Ina miezi miwili."

Alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu matanga. "Mimi sijapata barua yako yoyote," akasema polepole. Nikajua ananidanganya. Niliona hasira inapanda mpaka masikioni. Mama akaita kutoka ndani kwa sauti ile ya zamani ya kutuachanisha, tukaingia, tukakaa, kila mmoja upande wake.

Ndipo yule bibi akavuta kikapu cha kahawa kilichokuwa nyuma yake. Kwao, kama kwetu, mgeni hutafuna kahawa kabla ya kupewa hata maji. Ndani kulikuwa na vifurushi vidogovidogo vya maganda ya mgomba, ukubwa wa kidole. Akavipekua kwa mkono, akatoa kimoja kikubwa kuliko vyote.

"Hiki nimekificha," akamwambia mama, anafurahi kama mtoto. "Kililetwa kutoka kwenu Karagwe, sijui ni nani muungwana huyo. Ukikitikisa kinalia, na kinanukia. Nikawaambia hapa ndani asikiguse mtu. Hii ni ya wageni wa heshima. Na mgeni wa heshima kuliko mkwe ni nani?"

Akamkabidhi mama kwa mikono miwili.

Fundo la vitanzi viwili. Mawe, mama yangu! Dada hakupata barua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeifunga barua mithili ya kahawa, nikaitia kahawa, nikaipeleka kwa watu wa kahawa bila jina nje, kisha nikakaa miezi miwili namtukana mtu. Mama alikuwa keshashika ncha ya kamba. Sikufikiri. Niliruka mkeka mzima nikamnyang'anya.

Fikiria basi. Kumpokonya mama yako kahawa mkononi, ukweni, mbele ya mwenye nyumba! Bibi akabaki mdomo wazi. Mdogo wangu akasema, "Wewe una wazimu?" Mimi nimekishika kifurushi kifuani, natazama mlango. Ningeweza kutoka nacho. Ningekitupa shimoni chooni, na mambo yangebaki yalivyokuwa, yeye na kimya chake, mimi na hasira zangu.

Dada alikuwa amesimama. Hakunitazama mimi, alitazama fundo.

"Hilo fundo ni langu," akasema. Akanyoosha mkono, kisha akaurudisha. "Fungua mwenyewe."

Nikavuta ncha. Kahawa zikamwagika mkekani, karatasi ikabaki mkononi.

"Soma."

"Chukua usome mwenyewe, dada. Ni yako."

"Yale mengine uliyasema mbele ya watu," akasema. "Hii nayo isome mbele ya watu."

Nikasoma. Kwa miezi miwili nilikuwa nimeamini kwamba niliandika barua ya toba. Sasa naisikia kwa sauti yangu, mbele ya mama. Nisamehe dada, nilikosa, hasira ya msiba, ingawa na wewe hukuja mapema. Nisamehe, ingawa mzigo wa ugonjwa niliubeba peke yangu. Ningekuwa nasahihisha daftari la mtoto ningemrudishia. Ilikuwa barua ya panya, kuuma na kupuliza. Nilifika katikati, nikaacha.

"Endelea," akasema dada.

Nikaikunja. Nikasema lile ambalo halikuandikwa.

"Wiki tatu kabla hajafa ulinipigia ukaniuliza, nije? Nikakwambia usisumbuke, anaendelea vizuri. Hakuwa anaendelea vizuri. Nilikuwa naona. Sikutaka uje."

Mama akaweka mkono mdomoni. Hakuwa anajua, ile simu tulikuwa tumezungumza wawili.

"Kwa nini?" Dada aliuliza kwa sauti ndogo sana.

"Kwa sababu kila akizinduka alikuwa anakuita wewe. Mimi ndiye ninayeshika kijiko, mimi ndiye ninayemgeuza, halafu anakuita wewe. Niliona ukija tu, mimi nitakuwa si kitu. Kisha ulipokuja kuzika, nikaogopa utawaambia watu kwamba nilikuzuia. Nikakuwahi."

Nilikuwa nalia, lakini si kilio cha kuombea huruma, kamasi tu na aibu. Nilingoja anifukuze. Alikuwa na haki, na nyumba ni yake. Yule bibi alikuwa anaokota kahawa mkekani moja moja, ameinamisha kichwa, kama vile hasikii Kiswahili.

Dada alikaa chini.

"Alikuwa ananiita?"

"Kila siku."

"Hata siku ya mwisho?"

"Hata siku ya mwisho."

Alijifunika uso kwa kanga, mabega yakatikisika, mama akasogea akamshika. Mimi nilibaki wima katikati ya sebule na karatasi yangu, sijui pa kwenda. Alipojifunua, macho mekundu, yule bibi akamsogezea zile kahawa alizookota. Dada akachukua moja, akaitia mdomoni. Alitafuna polepole. Sote tulikuwa tunamtazama akitafuna.

"Hukuikausha vizuri," akasema.

Akachukua nyingine. Kisha akajisogeza upande wa ukutani, akapapasa pale mkekani palipobaki wazi, na mimi nikakaa.