Nyumba sita za baraza kule Muleba zilizokosa watu, na sharti nililoliandika mimi

Wakuu, heshima zenu, wakubwa kwa wadogo.

Mimi ni mzee wa huku Bukoba, nakaa Kibeta. Herufi za simu bado naziona nikizikuza, ila naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie. Nimewasoma humu miaka mingi bila kuchangia kitu. Nimejifunza kwamba kisa cha uongo humu mnakiita chai. Basi hiki si chai. Nilikuwepo, na mwenye kosa ni mimi.

Kilichonitoa mafichoni ni ule uzi wa juzi wa nyumba za gharama nafuu. Nimeona mlivyorushiana maneno: nani apewe, masharti kayatunga nani, madiwani wanapeana wao kwa wao. Nikacheka peke yangu. Mnadhani mambo hayo yameanza jana?

Turudi nyuma, miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza.

Nilikuwa karani wa baraza la wenyeji upande wa Muleba. Kijana, suruali fupi imepigwa pasi, kalamu ya wino mfukoni. Jina la kijiji naliweka kapuni kwa sababu wajukuu wa wahusika wako humu. Nyumbani kwetu ni upande wa Rubya.

Mnatutania Wahaya eti nshomile, tunajisifia kusoma. Kwa upande wangu utani huo ulikuwa kweli tupu. Nikisalimiwa kwa Kihaya nilijibu kwa Kiingereza.

Mwaka huo baraza lilikuwa na mfuko uliotokana na ushuru wa kahawa, na Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alitaka utumike kwa jambo la watu wote. Wazee walibishana siku mbili. Wengine walitaka chemchemi ijengewe. Wengine walitaka bati za mahakama. Mwisho wakakubaliana: nyumba sita za matofali na bati kwa watu wasio na kibanja.

Kwa wasio wa huku: kibanja ni shamba la migomba na kahawa, na nyumba iko katikati yake. Mhaya asiye na kibanja alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Walikuwepo wengi, waliofukuzwa na wenye ardhi na waliorudi kutoka vitani wakakuta ndugu wamegawana kila kitu.

Nyumba zikajengwa kwenye rweya. Rweya ni ile mbuga ya nyasi iliyo nje ya vijiji, isiyo na mgomba wala mti wa maana. Ilichaguliwa kwa sababu haikuwa na mwenyewe wa kumlipa fidia.

Siku tulipokwenda kupaona palikuwa na wanawake wanalima njugu mawe. Walipiga magoti wakatusalimia, wakasogea pembeni tupite. Mmoja wao alikuwa shangazi yangu, Adelina. Hakuna aliyewauliza neno.

Sasa sikilizeni kosa langu.

Mwenyekiti wetu alikuwa Ta Bernado, mzee mnyoofu ambaye aliogopa lawama kuliko radi. Alijua nyumba zikikamilika kila mjumbe ataleta mkwe wake. Akaniita kando akasema, "Karani, wewe umesoma. Nitafutie alama moja tu ambayo mtu anayo au hana. Nisibishane na mtu."

Nilifikiri usiku kucha, asubuhi nikamletea. Nyumba apewe mwenye risiti za kodi ya kichwa za miaka mitatu mfululizo. Asiye nazo, hana haki.

Ta Bernado alinishika bega. Wajumbe walipiga makofi. Nilipanda lori hadi Bukoba, nikaomba taipureta ya boma, nikalichapa sharti lile mwenyewe. Nakumbuka nilivyoisoma ile karatasi njiani nikirudi. Niliiona nzuri kuliko sala.

Wakuu, kodi ya kichwa ililipwa na wanaume. Mwanamke hakuwa na risiti hata moja.

Sikuliona. Na si kwamba lilifichwa.

Shangazi Adelina alikuwa dada wa baba. Aliolewa, hakupata mtoto, mume akamrudisha. Kwa desturi zetu za wakati ule binti haridhi kibanja cha ukoo. Alikaa kwa baba kwa hisani ya baba. Baba alipofariki, kibanja kikaenda kwa kaka yangu mkubwa, Gosbert, ambaye alikuwa na mke na watoto saba. Shangazi akahamishiwa jikoni.

Ninaposema jikoni msifikirie jiko lenu la vigae. Ni kibanda cha nyasi chenye moshi, mbuzi upande mmoja na yeye upande wa pili. Paa lilivuja. Mke wa Gosbert alikuwa anamhesabia ndizi anazokula.

Shangazi alisikia habari za nyumba sita, akanifuata kwa miguu hadi nje ya baraza. Akauliza kwa sauti ya chini kama na yeye anaweza kuomba.

Nilimwambia, "Shangazi, baraza limeweka sharti la risiti ya kodi."

Nilisema *baraza*. Angalieni nilivyosema.

Akaitikia, "Haya, mwanangu. Kama ni baraza, basi." Akarudi kulima.

Ningeweza kumwendea Ta Bernado jioni ile ile. Lakini sharti lilitungwa kuzuia upendeleo, na mtu wa kwanza kutaka lilegezwe angekuwa mtunzi wake, kwa ajili ya shangazi yake. Niliona aibu. Nilihofia pia kazi yangu. Nikanyamaza.

Nyumba zikakamilika. Fundi alikuwa Mzee Salumu, Mwislamu wa Bukoba mjini, babu zake watu wa pwani, mtu wa maneno matamu na kazi safi. Bati ziling'aa hadi zinaonekana kilima cha pili.

Wenye risiti wakaitwa. Wakaja, wakagonga kuta, wakasifu milango. Halafu kila mmoja akatoka nje akaangalia huku na huku akauliza, "Migomba iko wapi?"

Hakuna migomba. Ni rweya.

"Rweya ni pa kuchungia ng'ombe," akasema mmoja. "Mtu halali rweya. Mwanangu atazaliwa wapi, kwenye nyasi?" Akarudi kujibanza kwenye kibanja cha shemeji yake, akaona heri.

Wenzake wakafanya vivyo hivyo, wote. Najua kwa mtu wa Dar jambo hili ni kichekesho: nyumba mpya ya bati, bure, unaikataa kwa sababu haina migomba. Lakini sisi ndivyo tulivyokuwa. Na wajumbe wote tulikuwa Wahaya, tulikaa siku mbili tukabishana bati na matofali, na hakuna aliyekumbuka.

Nyumba zikakaa zimefungwa. Ikapita masika, ikapita na vuli.

Siku moja nilipita pale na baiskeli, mvua kubwa ikanyesha. Nikamkuta Mzee Salumu amekuja kurekebisha bawaba, nikaingia kujikinga alipokuwa. Akanionyesha nyumba ya nne.

"Yule mama," akasema, "kila mvua ikimkuta shambani anasimama pale chini ya ukingo wa paa. Nilimwambia nimfungulie akae ndani. Akasema funguo ni za baraza, hataki kesi. Bwana karani, mimi nimejenga misikiti na maduka, sijapata kuona nyumba tupu inayonyeshea watu."

Alikuwa shangazi. Amejibanza ukutani, jembe mkononi, maji yanamlowesha miguu. Mlango mgongoni mwake umefungwa kwa kufuli.

Nawaambia ukweli, sikumwendea. Mvua ilipokatika nilipanda baiskeli nikapita njia ya pili. Nililia njiani, kama machozi yana faida.

Baada ya hapo ikaja barua ya Bwana Shauri. Anakuja kukagua. Akikuta nyumba hazina watu, bati zitang'olewa zipelekwe mradi mwingine, na baraza lisiombe tena fedha za nyumba.

Kikao kikaitwa haraka. Wengine wakasema tuweke kahawa humo tuseme ni ghala. Ta Bernado alikuwa ameshika kichwa.

Ndipo shangazi akaingia na wanawake wawili, wajane, wenzake wa shambani. Siku zile mwanamke haingii barazani kama hana kesi. Wakapiga magoti wakasalimu.

"Waitu, Ta Bernado," akasema shangazi, kwa neno letu la kumheshimu mkubwa, "tumesikia nyumba zinabomolewa. Tunaomba tukae sisi."

Ta Bernado hakuwa mtu mbaya. Akajibu taratibu, "Adelina, masharti unayajua. Risiti ya kodi iko wapi?"

"Sina, waitu. Hamjawahi kunidai. Lakini kaka yangu alipougua miaka miwili, kodi yake nani aliileta hapa? Ni mimi, kwa njugu za rweya hiyo hiyo. Na huyu karani wenu anayeandika hapo, muulizeni karo yake ya shule ilitoka wapi."

Hakusema kwa ukali. Alisema kwa kujivunia, akanitazama kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake mnono.

Baraza zima likanigeukia. Wakuu, mimi nilijua ni baba aliyenisomesha. Ndivyo baba alivyosema siku zote. Lakini nilipokumbuka, kila nilipofungua shule, shangazi ndiye aliyekuwa anatoka sokoni na kikapu kitupu. Nilikuwa nayaona, sikuwa nayajumlisha.

"Karani," akasema Ta Bernado, "ni kweli?"

Karani haruhusiwi kusema kikaoni. Nikasimama. "Ni kweli, Ta. Na kodi ya baba ni kweli. Vitabu vinaonyesha ililetwa na dada yake."

Mzee mmoja akauliza, "Sawa, lakini wanawake watakaaje rweya peke yao?"

Mmoja wa wale wajane wawili, mnene, akacheka kwa sauti hadi akajiziba mdomo. Shangazi akajibu, "Rweya mnaiogopa ninyi, waitu. Sisi mmetuachia tangu zamani. Tunashinda huko kutwa, njugu mnazokula zinatoka huko. Mkitaka migomba tutawapandia. Tupeni samadi tu na muda."

Wazee wakatazamana. Kila mmoja wao alikuwa na mke au mama rweya saa ile ile.

Wakaamua, na nikaandika: nyumba wapewe wanawake watatu hao na wengine watatu wenye shida, *kwa muda*, mpaka wapatikane wenye kutimiza masharti.

Wenye kutimiza masharti hawakupatikana hadi Mwingereza anaondoka.

Bwana Shauri alipokuja alikuta moshi unatoka nyumba zote sita na vichipukizi vya migomba vimepandwa kwenye mashimo ya samadi. Akampongeza Ta Bernado kwa mkono. Ta Bernado akanipongeza mimi.

Shangazi alichukua ile ya nne. Rweya haina rutuba, migomba inadumaa. Alikata nyasi, akabeba samadi kichwani, akamwagia maji aliyooshea vyombo. Ilimchukua miaka, lakini lilikuja kuwa shamba. Wanaume wakaanza kuulizia viwanja jirani naye.

Sasa somo, maana najua mnalidai.

Mliomo kwenye halmashauri na kamati za miradi: sharti likikupendeza sana siku unayolitunga, kabla hujalichapa nenda nyumbani ulisomee aliyekupikia. Mwulize, wewe ungepita hapa? Na mnapokagua kiwanja, ukikuta watu wanalima, usipite tu kwa kuwa wamekupisha.

Wahaya wa humu msinivamie kwa kusema mambo ya ndani. Nanyi wa mikoa mingine, kama kwenu baraza lilijenga kitu kikakosa watu kwa sababu kama hizi, tuelezeni, nitasoma kila comment hata kama ni taratibu.

Nina jambo moja bado, na hili nataka ushauri wenu.

Shangazi alikwenda kaburini akiamini mimi ndiye niliyempatia nyumba. Alimweleza kila mgeni: mtoto wa kaka yangu alinisimamia mbele ya baraza. Kila mkungu wa kwanza wa msimu aliniletea hadi Bukoba, akikataa nauli, akisema hizi ni za aliyenitoa jikoni.

Hakuwahi kujua ni nani aliyelitunga sharti lililombakiza huko misimu miwili ya mvua. Nyinyi ndio wa kwanza kuambiwa.

Ningemwambia? Au ningemnyang'anya furaha yake ili mimi nilale vizuri? Nijibuni kwa upole, mzee wenu nina presha. Ndizi zile nilizipokea kwa mikono miwili miaka yote, nikazila, nikasema asante.