Koboi Aliyefia Gitega

Harufu ya mafuta ya cherehani bado hunirudisha kwenye kibanda cha Mzee Juma, fundi nguo wa mtaa wetu wa Waswahili pale Gitega, Burundi. Kila Jumamosi, baada ya swala ya adhuhuri, alisukuma vitambaa pembeni na kuwasha televisheni yake ndogo, nasi watoto tukajibana sakafuni kutazama makoboi. Zilikuwa filamu za bei ya chini, ingawa hatukulijua hilo. Farasi walipita mbele ya jabali lile lile mara nne, ukuta wa baa ulitikisika mlango ulipofungwa, na mtu aliyepigwa risasi alitafuta kwanza mahali pazuri pa kuangukia. Mzee Juma alitutafsiria, na pale Kiingereza kilipomshinda, yaani karibu kila mahali, alitunga. Kipenzi changu alikuwa jambazi mmoja mwenye kovu shavuni, tuliyemwita Kovu. Siku alipouawa nililia mpaka nikatolewa nje.

Nililia hivyo kwa sababu nilikuwa nimefiwa. Nilikuwa na miaka saba. Baba, fundi wa baiskeli, aliondoka asubuhi moja na pampu yake asirudi, na kila nilipomuuliza mama alinijibu bila kuinua macho: "Ule mutu amekufa. Usiniulize tena." Hakuna matanga yaliyokaliwa, wala sikuonyeshwa kaburi, lakini mtoto atajuaje utaratibu wa misiba? Nilimwombea dua kila siku.

Halafu mama mdogo akanipeleka harusini Muyinga, mji mwingine wa mbali. Mama alikataa katakata kwenda, akanionya nisitoke uani mwa harusi. Kwa jirani kulikuwa na video, nikaingia, na nikamwona nani juu ya farasi? Kovu! Mzima wa afya, anacheka. "Yule amekufa!" nilipiga kelele. "Alifia kwetu, Gitega!" Watoto wa pale wakaangua kicheko. "We, ule iko mzima, sha! Hapa tunamuonaga kila siku." Hakuna aliyenieleza kwamba mwigizaji mmoja hucheza filamu nyingi. Nilielewa jambo moja tu, tena nikashangaa watu wazima walivyotuficha: wanaokufa Gitega huhamia Muyinga.

Kesho yake nilitoroka hadi sokoni, nikauliza aliko Hamisi fundi wa baiskeli. Muuza maharage wa kwanza tu alininyooshea kidole. Baba alikuwa amechuchumaa, anajaza gurudumu upepo. Mimi sikushtuka, kwani ndivyo nilivyotarajia. Aliyeshtuka ni yeye. "Baba," nilimuuliza, "kufa kuliuma?" Pampu ilimponyoka. Nyuma yake alisimama mwanamke mjamzito, amemshika mkono mtoto mwenye pua yangu. "Hamisi, huyu ni mtoto wa nani?" mwanamke aliuliza. Baba aliinama kuokota pampu. Kumbe mama aliposema amekufa, alimaanisha amekufa kwake yeye. Hapo ndipo mshtuko uliponifikia, mzima mzima, nikatapika mbele yao wote.

Siku hizi filamu zile ninazo kwenye simu. Wanangu huzicheka; wanajua waliokufa ni watu wa mshahara, wataamka wakale. Siwaonei wivu, maana ujinga wangu mimi uliniuma sana, ila nasikitika kwamba hakuna kinachowashtua. Mimi bado nashtuka. Mwaka jana nilipigiwa simu kutoka Muyinga kwamba baba amefariki, na mtu mzima nilivyo, nikauliza mara tatu kama wamemwona kwa macho yao. Nilimpelekea mama habari nikiogopa atasema alikwisha kumzika zamani. Aliingia chumbani, akavua bangili na hereni, akatoka amejifunga nguo nyeupe. Nilimwuliza anafanya nini.

"Hakunipaga talaka," alisema. "Mi iko muke wake."

Na akamkalia eda, miezi minne na siku kumi, mtu ambaye kwa miaka thelathini alikuwa amemuua kwa mdomo wake.