Ngaingai ya Wifi Yangu

Nilimwonea wivu wifi yangu kwa sababu ya juisi. Ndiyo, juisi. Cheka ukitaka.

Bwana wangu alipondwa mguu na jiwe kule Kamatanda, kwenye shimo wanakochimba madini kwa mikono. Kidonda kikaoza, homa ikampanda, tukalazwa hospitalini hapa Likasi. Nasema tukalazwa, maana kwetu mgonjwa halali peke yake: mke anatandika mkeka kando ya kitanda, anapika uani, anafua. Dokta aliandika sindano za jentamisini.

“Mama, hii dawa ni kali,” akaniambia. “Inaua vidudu, lakini inaweza kuumiza mafigo. Anywe maji ya kutosha, na weye upime mukojo yake yote.”

Basi nikakata chupa ya plastiki, nikachora alama kwa msumari, nikawa mtu wa kuchungulia mkojo kutwa nzima. Hakuna aliyekuja kunipongeza.

Ndipo akaja wifi yangu, dada mkubwa wa bwana, muuza mboga wa soko la Kikula. Kikwembe cha kitenge kimenyooka, marashi yananukia, mkononi thermosi ya juisi nyekundu ya maua ya ngaingai, yaani rozela. Alikuwa amesikia kwamba panya wa maabara walipewa dawa hiyo hiyo pamoja na ngaingai, na mafigo yao hayakuharibika sana.

“Kunywa, ndugu yangu. Hii itachunga mafigo yako.”

Huyo bwana, aliyekuwa akikunjia uso maji yangu, alimaliza kikombe akalamba midomo, akaomba kingine. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakasema, “Aah, huyu njo dada, ndiye dada kweli!” Wee! Moyo uliniwaka.

Nilimfuata dokta nikiomba Mungu amkataze. Hakumkataza.

“Panya ni panya, mama,” alisema. “Kwa muntu hatuyui bado kama inasaidia, wala kiasi gani. Kidogo si mbaya. Lakini usiache kupima.”

Kwa hiyo kila mchana thermosi ikaja na sifa zake, na mimi na chupa yangu tukatoka kwenda chooni.

Asubuhi moja mkojo haukufika hata karibu na alama ya jana yake. Nikamwaga, nikangoja, nikapima tena. Kidogo tu. Nilimkimbilia dokta miguu peku. Akatoa damu, majibu yakasema mafigo yameanza kuchoka. Sindano ile ikasimamishwa, akapewa dawa nyingine. Nikajiona mjane tayari. Na Mungu anisamehe, ndani ya woga ule ule mlikuwa na kifuraha: ngaingai imeshindwa!

Mafigo yakarudi taratibu. Mguu nao ukapona. Jumapili ya kwanza baada ya kutoka hospitalini, bwana akasimama mbele kanisani kutoa ushuhuda, kaegemea fimbo. Mimi nilikaa mstari wa pili, nimejipamba, nasubiri zamu yangu. Akamshukuru Mungu. Akamshukuru dokta.

“Na yaya yangu, dada yangu mukubwa, na ngaingai yake, yenye ilichunga mafigo yangu!”

Kanisa zima: Amina! Nje, wamama wakamzunguka wifi, huyu anauliza anachemsha vipi, yule anauliza anatia sukari kiasi gani. Naye anaeleza, anacheka, anajishikashika kitambaa cha kichwani. Asante ya punda, jamani, ni mateke.

Nyumbani nilimwekea bukari, ugali wetu, mezani kwa kishindo.

“Na mimi?” nikamwuliza. “Mimi mwenye nilipima mikojo yako?”

Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

“Weye? Weye njo mimi. Muntu anajishukuru yeye mwenyewe?”

Neno lilikuwa tamu, na alilisema kutoka moyoni. Nikaketi, tukala sahani moja. Lakini hasira haikuisha, na mpaka leo haijaisha. Nilitaka anitaje mimi, kwa kipaza sauti, mbele ya watu wote, wifi yangu akisikia.