Habari Niliyompa Abdi katika Chumba cha Mtihani

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila msimu wa mitihani, mwanangu Hodan, na jana uliponionyesha ujumbe ule kwenye simu, ilinirudia upya.

"Aabo, karatasi ya Jumatatu iko kwa group. Watoto wa Nairobi washaiona. Sisi tukae tu?" ukaniuliza mimi babako.

Nikajifanya natafuta miwani. Baba mzima mwenye shahada mbili, anatafuta miwani aliyoivaa.

Siku hiyo nilikuwa darasa la nane, kijijini Sangailu. Binamu yangu Abdi alikuwa ameshinda muhula mzima na ngamia, akarudi kwa mtihani wa taifa akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Katikati ya karatasi ya Hisabati akaninong'oneza kutoka dawati la nyuma, "Warran?" Yaani, habari gani? Unajua uzito wa swali hilo kwetu wafugaji. Mtu wa safari akikuuliza habari, unampa zote: mvua imenyesha wapi, kisima kipi kimekauka. Ukimficha, huenda umemuua. Basi nikampa.

"La kumi na mbili ni C. Linalofuata ni A."

Msimamizi wetu, Mwalimu Mutua wa kutoka Kitui, alikuwa amesimama kando yangu.

"Wee kijana! Unasema nini?"

"Nampa habari, mwalimu."

Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka.

Matokeo yalipotoka, shule za jirani zilipata yao, yetu yakazuiliwa. Halima, mwanafunzi aliyekuwa wa kwanza darasani mwetu, alikuwa ameshanunuliwa sanduku la bweni. Kila asubuhi alikuja shuleni kuulizia, nami nikajificha nyuma ya tangi la maji asinione. Mwishowe ya wenzetu yakaachiliwa, yangu na ya Abdi yakafutwa. Halima aliingia sekondari wenzake wakiwa mbali kimasomo. Mimi nikarudia darasa la nane, magoti yakigonga dawati.

Nilimlalamikia awowe, babu yangu, kwamba nimeadhibiwa kwa kufuata adabu aliyonifunza mwenyewe. Alikuwa akikama ngamia, hata hakugeuka.

"Habari ya maji unampa mtu aende akanywe," akasema. "Hiyo herufi uliyompa Abdi, angeenda nayo wapi?"

Mwanangu, hofu yako naijua, kwa sababu ni yangu pia. Mwalimu wenu wa Hisabati aliondoka, hajaletwa mwingine, na karatasi mtakayofanya ni ile ile ya watoto wenye walimu watatu. Si haki, na nitaendelea kulisema hilo maofisini hadi wachoke na sura yangu. Lakini kwenye karatasi hiyo msahihishaji haoni kwamba unatoka hapa kwetu Iftin. Anaona hesabu yako tu. Na shaka ikiingia, unajua watoto wa wapi watashukiwa kwanza.

Kwa hiyo toka kwenye kundi hilo leo. Usifungue, usimtumie mwenzako. Usilolijua, lijaribu kwa akili yako, hata ukikosa. Na kama unamwonea rafiki yako huruma, mwite hapa nyumbani, mketi mkekani mfanye hesabu hadi aelewe. Hiyo ni habari ataenda nayo.

Mungu akutulize moyo na akuangazie akili. Jumatatu nitakuwa nje ya lango la shule, nimefika mapema kuliko askari. Nikikuuliza, "Warran?", Mungu akujaalie uwe na habari yako mwenyewe.