Kitenge cha Mama Mukwe na Maji ya Nyuma ya Nguzo

Saa nne na robo asubuhi tulisukuma mtumbwi kwenye mto Mutambala, na aibu iliyofuata ingali inanichoma, maana wakwe zangu wote walikuwa ng'ambo wakinitazama. Ilikuwa siku ya mama mukwe kuvua nguo za matanga, na kwetu kitenge kipya hutoka mkononi mwa mkwe kabla ya saa sita, la sivyo mjane hubaki na nyeusi yake mpaka watu waitwe upya.

Daraja lilikuwa limeng'olewa mbao kwa matengenezo, zimebaki nguzo tu, na watu walivukia mbali sana, upande mto unakoelekea. Mimi (niliyeacha shule mapema nikajifundisha hesabu peke yangu) nilikuwa nimesimamisha kijiti kwenye mfereji, mfano wa nguzo, na kunyunyiza majivu, nikaona maji yanayovurugika nyuma yake yanatanuka kadiri yanavyokwenda, lakini karibu na mbali sura ni ile ile, ila mbali ni pana zaidi na nguvu imepungua. Nikaamua, bila kupima, kwamba umbali kutoka kwenye nguzo ukiwa mara mbili, nguvu ya vurugu inabaki nusu, kwa hiyo nikamwambia Sadiki, mpiga kasia, tukate njia nyuma ya nguzo.

"Papa, pale maji inazunguka."

"Tukishuka kidogo, iko nusu tu. Kamata kasia."

"We ndiye unasomaka vitabu," akacheka, tukaenda.

Sehemu ya mbele ya mtumbwi ilinaswa na maji mazito, ya polepole, ya nyuma ya nguzo, huku nyuma pakisukumwa bado na mto wenye kasi, tukageuka ubavu, tukapinduka, nami (najua, najua) nikashika mtumbwi badala ya furushi lenye kitenge, likazama.

Sadiki alitema maji. "Papa, ile nusu yako iko wapi?"

"Shemeki," kaka wa mke wangu aliita kutoka ng'ambo, "ile kitenge, unaifua kwanza?"

Bamama wakacheka, kisha wakampisha mama mukwe, aliyekuwa ameinuka. Alinitazama nikitoka mikono mitupu, ninachuruzika maji.

"Kuja uote moto, mukwe," alisema polepole. "Hii nyeusi nimeshaizoea." Akaketi tena.

Nilipopima baadaye kwa utaratibu, niliona kwamba ili nguvu ile ipungue nusu, umbali unatakiwa uwe mara nne. Tangu siku ile sijaribu hesabu yangu juu ya mzigo wa mtu mwingine. Kitenge kingine, pamoja na unga na samaki wa kuwaita watu upya, viligharimu faranga elfu mia sita na arobaini.