Masomo ya Saa za Mvua

Sisi tuliosoma Buleusa chini ya yale mabati ya kwanza hatukuhitaji kengele. Tulifika asubuhi na matope hadi magotini, kila mmoja na kipande cha muhogo wa kuchemsha mfukoni. Tukiona ukungu umepanda mlimani tulijua tutasoma kwa masikio. Mawingu yakishuka, tulijua tutasoma kwa macho.

Zamani shule iliezekwa kwa nyasi. Ilivuja, lakini mwalimu alisikika. Kisha wazazi wakachanga, mfanyabiashara mmoja wa Butembo akaleta mabati kwa lori, padri akayabariki, mbuzi akachinjwa. Makelele hakuna aliyeyafikiria. Mvua ya kwanza ilimkuta Mwalimu Bahati, wa darasa letu la sita, katikati ya somo la Kifaransa. Tuliendelea kuuona mdomo wake ukicheza. Baadaye ukaacha.

Kesho yake alikuwa amepanga masomo upya. Kusoma, nyimbo na imla akaviweka asubuhi. Saa za mvua zikawa za hesabu, mwandiko na kuchora. Jiografia aliifundisha kwa fimbo, akionyesha ramani bila neno. Mito ya nchi hii niliijua yote kwa sura, majina nikayapata jua lilipotoka. Baba yangu, aliyechanga kwa maharage ya shamba lake, hakufurahi. "Hatukuletaka mabati ju batoto bakae kimya," alisema kila jioni mbele ya bugali na sombe ya majani ya muhogo. Hata hivyo mwandiko wangu ni mzuri mpaka leo. Wanangu wanaandika kwa vidole gumba, na siku wakishika kalamu utadhani kuku amepita.

Shida ni kwamba programu ya serikali iliweka imla saa sita mchana, saa ambayo kwetu mvua haikukosa. Direkta, mkuu wa shule yetu, akatangaza kwamba inspekta wa serikali anakuja, na mwalimu atakayekutwa nje ya programu ataondolewa. Mwalimu mwingine wa darasa la sita hakuwepo. Bahati akiondoka, wavulana wangeenda kubeba mizigo ya machimbo, na mimi ningebaki na jembe. Nilimpenda mwalimu yule. Niliogopa.

Inspekta alifika amevaa koti la mvua, jambo ambalo lingetosha kumfundisha. Akaisoma ratiba ukutani.

"Saa sita njo dictée. Hapa umeweka mwandiko. Nani alikupatia ruhusa?"

"Mvua, Bwana Inspekta."

Inspekta akachukua kitabu, atoe imla mwenyewe. Mvua nayo ikaanza. Alisoma, akapaza sauti, mishipa ya shingo ikamtoka. Sisi, watoto wenye adabu, tulishika kalamu tukautazama mdomo wake. Mwishowe alifunga kitabu, akamsogelea mwalimu wetu hadi pua zikakaribia kugusana, akasema maneno mengi huku akionyesha mlango. Hatukusikia hata moja, wala direkta aliyekaa nyuma. Mwalimu akainamisha kichwa kwa heshima, na inspekta akapanda pikipiki yake.

Kesho yake Mwalimu Bahati alikuja kazini. Kama kulikuwa na karatasi ya kumzuia, ilikwama kwenye matope pamoja na malori. Alitufikisha kwenye mtihani wa mwisho, na nikafaulu.

Siku hizi mimi ni mmoja wa wanaoitwa mjini kuandaa programu za shule. Tunakaa kwenye ukumbi wenye dari nzuri, tunaandika mambo ya kuzingatia: umri wa mtoto, mahitaji ya jamii, mazingira. Mazingira hatujawahi kuyasahau, na imla bado iko saa sita. Kila uamuzi tunautuma kwa WhatsApp. Enzi hizi mwalimu wetu angefukuzwa kabla mvua haijakatika.

Juzi nilimtembelea. Amezeeka, alikuwa barazani akichambua maharage. Nikamwambia, "Mwalimu, siku ile inspekta alikuwa karibu yako kabisa. Alisema nini?"

Hakuinua macho.

"Mutoto wangu," akasema, "mvua ilikuwa inanyesha."